Kutoka Lomé hadi Samoa: Ubia wa Biashara na Mkulima wa Usambara

Utangulizi

Malori yaliyosheheni kabichi, karoti, nyanya na pilipili hoho hushuka kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, na kutoka hapo hushika barabara kuu kuelekea Dar es Salaam. Wenye mazao hayo ni washarika wetu. Ada za watoto wao, na sadaka ya shukrani waletayo madhabahuni, hutegemea bei watakayopewa. Kabichi ya Lushoto haifiki Ulaya. Hata hivyo, yaliyoandikwa Ulaya yaweza kuifikia kabichi hiyo, kama tutakavyoona.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi jinsi ubia wa biashara na maendeleo kati ya nchi tajiri za Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki ulivyofanywa upya, na kwa nini mchungaji hana budi kuufahamu.

1. Ubia ulivyoanza

Tarehe 24 Septemba 1969 Tanzania, Kenya na Uganda zilitia sahihi mkataba na Jumuiya ya Ulaya mjini Arusha. Kwa mkataba huo bidhaa zetu nyingi zilipata nafuu ya ushuru wa forodha huko Ulaya, nasi tukapunguza ushuru kwa baadhi ya bidhaa zao. Kila upande ulitoa na kupokea, ijapokuwa nguvu za pande hizo hazikulingana hata kidogo.

Tarehe 28 Februari 1975 ulitiwa sahihi Mkataba wa Lomé, nchini Togo, kati ya nchi 9 za Jumuiya hiyo na nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki. Hapo jambo jipya lilikubaliwa: nchi maskini ziliruhusiwa kuuza mazao yao mengi bila ushuru, pasipo kudaiwa kufungua masoko yao. Aidha, ulianzishwa mfuko wa Stabex wa kufidia nchi mapato yake ya mazao yaliposhuka ghafla. Kahawa, chai na katani yalikuwamo katika orodha ya mazao hayo, yaani mazao ya milima yetu na ya tambarare za Korogwe na Tanga chini yake.

2. Kwa nini ubia ulibadilishwa

Mkataba wa Lomé ulifanywa upya mara tatu, katika miaka ya 1979, 1984 na 1989. Lakini mwaka 1995 lilianzishwa Shirika la Biashara Duniani, ambalo kanuni zake haziruhusu nchi tajiri kupendelea baadhi ya nchi zinazoendelea na kuziacha nyingine zenye hali kama hiyo. Nchi za Amerika ya Kati na Kusini zilizouza ndizi zilikuwa zimelalamika, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Tukumbuke pia kwamba chini ya Lomé nchi nyingi ziliendelea kuuza mazao ghafi yale yale.

Kwa hiyo, tarehe 23 Juni 2000, Mkataba wa Cotonou ulichukua nafasi ya Lomé. Stabex ilifutwa. Kila kanda ilitakiwa kujadili mkataba wake wa ubia wa uchumi, ambao ungerudisha kanuni ya kufungua masoko pande zote mbili. Mkataba wa Samoa, uliotiwa sahihi Apia tarehe 15 Novemba 2023, ulifuata baada ya Cotonou. Huo unahusu hasa siasa, haki za binadamu, mazingira, uhamiaji na maendeleo. Masharti ya ushuru yameachwa katika mikataba ya kanda.

3. Kenya na Tanzania

Mazungumzo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya yalikamilika Oktoba 2014. Kanda yetu ilitakiwa kuondoa ushuru kwa asilimia 82.6 ya bidhaa zitokazo Ulaya, hatua kwa hatua, katika muda wa miaka 25. Mazao mengi ya kilimo yaliwekwa nje ya orodha hiyo. Hapa ndipo kabichi yetu inapoguswa: zao linalolindwa linalindwa kwa sababu mtu alikumbuka kuliandika.

Kenya na Rwanda zilitia sahihi tarehe 1 Septemba 2016. Tanzania ilikataa, na mwezi Novemba mwaka huo Bunge likaishauri Serikali isitie sahihi, kwa hofu kwamba viwanda vichanga vingekufa na mapato ya forodha yangepungua.

Je, kwa nini majirani wawili waliamua tofauti? Tanzania imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni kabisa, na tangu 2001 nchi hizo huuza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru. Kukataa hakukutugharimu ushuru wowote. Kenya haimo katika orodha hiyo. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 25 Desemba 2014 ilipoteza nafuu yake, na wakulima wake wa maua wakaonja ushuru. Hatimaye Kenya ilitia sahihi mkataba wake peke yake tarehe 18 Desemba 2023, nao ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Lakini kinga yetu si ya milele. Katika mapitio ya mwaka 2024 Tanzania ilionekana, kwa mara ya kwanza, kuwa imetimiza vigezo vya kutoka katika orodha ile. Mapitio yanayofuata ni ya mwaka 2027, na nchi hutakiwa kutimiza vigezo mara mbili mfululizo kabla haijapendekezwa kutoka. Siku itakapotoka, baada ya muda wa mpito, itasimama mahali iliposimama Kenya.

4. Mlango na njia

Tusidhani kwamba mlango ukiwa wazi basi kila mtu amekwisha kuingia. Kiwanda cha chai cha Mponde, huko Bumbuli, kilifungwa mwaka 2013 kwa sababu ya mgogoro juu ya uendeshaji wake, kikakaa kimya kwa miaka kadhaa. Katika miaka hiyo yote Ulaya haikututoza ushuru, lakini mkulima aliyelizunguka shamba lake la chai hakuwa na mahali pa kupeleka majani. Vivyo hivyo mboga: kinachozuia si ushuru, bali mabaki ya dawa za wadudu, ukosefu wa vyumba vya baridi, na barabara za vijijini wakati wa masika.

Hitimisho

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya changizo kwa ajili ya Yerusalemu (2 Kor. 8), alitaja usawa kuwa shabaha yake. Usawa huo haumaanishi kwamba wote watoe kiasi kile kile. Wingi wa mmoja hukutana na upungufu wa mwingine. Kwa kipimo hicho, Lomé ilitambua upungufu wetu lakini ilituacha tukiuza mazao ghafi. Mikataba iliyofuata inatuita wabia, lakini inaelekea kumdai dhaifu kama inavyomdai mwenye nguvu.

Muda uliobaki kabla ya kinga yetu kuondolewa ni muda wa kazi. Mchungaji hatajadili ushuru, lakini aweza kuwaeleza washarika jambo hili, kuwahimiza waungane katika ushirika wa mazao na kuandika kumbukumbu za dawa wanazopulizia, na kumwuliza mbunge wao ni mazao gani ya Lushoto yatakayoandikwa katika orodha ya kulindwa. Swali hilo liulizwe sasa, kabla wajumbe hawajaketi mezani.