Ua wa Mbao Uliopauka: Je, Lazima Ung'olewe?

Mkoa wa Singida uko katika nyanda za kati za Tanzania, ambako mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili, na miezi mingine huwa ya ukavu, jua na upepo. Ua wa mbao usiopakwa kitu hupoteza rangi yake ya asili baada ya muda, ukawa wa kijivu, wenye kukwaruza na nyufa ndogo ndogo. Watu wengi hudhani kuwa ua wa namna hiyo umeoza, wakaung'oa na kutafuta mbao mpya. Katika nchi kavu, ambako mti huchukua miaka mingi kukomaa, dhana hiyo ni hasara. Yafaa ifahamike kwamba kupauka na kuoza ni mambo mawili tofauti.

Mbao zimeundwa kwa nyuzi za selulosi zilizoshikamanishwa na lignini. Miale ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua huivunja lignini. Kisha mvua huosha mabaki yake, zikasalia nyuzi za kijivu zilizolegea. Uharibifu huu ni wa juu juu, kwani mwanga hupenya sehemu ndogo tu ya milimita. Chini ya ngozi hiyo mbao huwa zingali nzima.

Kuoza, kwa upande mwingine, ni kazi ya kuvu, nazo huhitaji maji na hewa. Mbao zenye unyevu usiozidi asilimia 20 ya uzito wake zikiwa kavu haziozi. Ndiyo maana nguzo huoza kwanza usawa wa ardhi, mahali penye maji na hewa pamoja. Mchwa pia huingilia hapo. Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote, nguzo ichomwe kwa ncha ya kisu usawa wa ardhi. Kisu kikizama kwa urahisi na mbao zikamomonyoka, nguzo hiyo ibadilishwe. Kikikataa kuzama, itengenezwe.

Kazi hii hufaa kufanywa wakati wa kiangazi. Ua husuguliwa kwa brashi, maji na sabuni, ukaachwa siku kadhaa ukauke kabisa. Kisha hupigwa msasa kwa kufuata mkondo wa nyuzi mpaka rangi ya asili itokeze, na vumbi likafutwa. Hatua hii isirukwe: rangi iliyopakwa juu ya nyuzi zilizolegea hubanduka pamoja nazo.

Vanishi isiyo na rangi hupitisha mwanga, hivyo lignini iliyo chini yake huendelea kuvunjika na vanishi ikabambuka. Afadhali itumike rangi nyepesi ya mafuta inayopenya mbao, yenye chembe za madini kama vile oksidi ya chuma, ambazo huzuia mwanga. Ipakwe mara mbili, kwa tabaka jembamba. Ncha za mbao zipakwe zaidi, kwa sababu maji hupenya upesi kupitia vinyweleo vilivyokatwa. Hata hivyo, rangi peke yake haizuii mchwa. Mbao zisiguse udongo, na njia za mchwa zikaguliwe mara kwa mara.

Singida ni maarufu kwa alizeti, lakini mafuta yake hukauka polepole kuliko ya kitani, yakabaki yakinata na kunasa vumbi. Oili chafu ya injini haikauki, tena huchafua udongo. Mafuta ya kitani hukauka kwa kuungana na oksijeni, na muungano huo hutoa joto. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandazwe nje yakauke.

Jaribio: Funika nusu ya ubao mpya kwa kipande cha bati, uuache juani kwa miezi mitatu. Ondoa bati, ulinganishe nusu zote mbili. Kisha piga msasa sehemu iliyopauka, uone ni kina gani kilichoharibika.