Ulikosa udaktari? Anza na kat ya wiki hii

Jumapili usiku, saa nne hivi, simu yangu ililia. Ni mdogo wangu wa kike, ako mwaka wa kwanza chuoni, anasoma biokemia. Hakuandika kitu. Alituma sauti ya dakika tatu. Ukiona siz ametuma sauti ya dakika tatu usiku, jua kuna mambo.

"Bro, hii kozi si yangu," alisema. "Mimi nataka udaktari. Nimeamua nitasukuma tu huu mwaka, halafu nihamie."

Niliisikiza mara mbili, na si kwa sababu sikuelewa. Hayo maneno yalikuwa yangu. Niliyasema miaka mitano iliyopita nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha hosteli, mwaka wa kwanza wa mikrobiolojia. Leo sina udaktari na sina mikrobiolojia. Niliacha chuo mwaka wa pili, na siku hizi nalipa kodi ya nyumba kwa kuandika mitandaoni.

Nilimpigia tukaongea hadi saa saba. Nimeweka hapa yale niliyomwambia kwa sababu najua hayuko peke yake. Vyuo vimejaa makomredi ambao mwili uko kwenye kozi moja na roho iko kwenye nyingine.

Nilivyojifungia mlango

Nilipata B+ kwenye KCSE. Mtaani kwetu hiyo ilikuwa sherehe, mathee alichinja kuku wawili. Lakini KUCCPS haiangalii kuku. Kwa udaktari wanapima masomo manne: Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Hapo ndipo zinatoka pointi za klasta, na za juu kabisa ni 48. Wanaotaka udaktari ni wengi na nafasi ni chache, kwa hivyo pointi za kuingilia ziko juu sana. Mimi niliachwa nyuma kidogo, nikapewa chaguo la tatu.

Kukosa hakukuniua. Kilichonimaliza ni vile niliichukua ile kozi niliyopewa. Niliifanya kama stendi ya matatu, mahali pa kusimama tu nikingoja gari langu. Mhadhara wa saa moja asubuhi ulinipata nimelala. Kat nilifanya bila kufungua kitabu. Nilijiambia, "Kwani hizi alama zitanisaidia na nini? Hii si kozi yangu."

Mwisho wa mwaka nilikuwa na sapu tatu. Hapo ndipo nilikumbuka kwenda ofisini kuuliza habari ya kuhama. Mama niliyemkuta pale aliniangalia kwa huruma. "Kijana wangu, dirisha la kuhama lilifungwa kitambo." Kisha akauliza, "Na huku uliko, una alama gani?"

Nilinyamaza. Kumbe kulikuwa na njia nyingine, na ilipitia kwenye karatasi zilezile nilizodharau.

Mathee alikuwa anauza mboga akijua mtoto wake yuko kwenye "mambo ya daktari". Hivyo ndivyo alivyowaambia wanawake wenzake sokoni, na mimi sikumsahihisha. Alijua ukweli siku nilipofika nyumbani nimebeba godoro.

Kila mlango una saa yake

Nilimwambia siz hivi: usiseme "nitahamia". Sema utahamia lini, kupitia wapi, kwa karatasi gani.

Njia ya kwanza ni uhamisho wa KUCCPS. Nafasi zikishagawanywa, wao hufungua dirisha la kuhama chuo au kozi kwenye tovuti yao, na hilo dirisha halikai sana. Kozi unayotaka lazima uwe umefikisha pointi zake za kuingilia za mwaka wako, na chuo unachotaka kiwe na nafasi ya kukupokea. Kwa hivyo kama klasta yako haikufika, kuhama hakutabadilisha hesabu. Na kama ilifika ukapewa kitu kingine, usingoje semista iishe. Kimbia sasa.

Kuna wanaoamua kurudia KCSE kama watahiniwa wa kibinafsi. Si aibu. Lakini kumbuka mfumo wa 8-4-4 unaisha, na darasa lake la mwisho linatarajiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027. Ukiwaza njia hii, usiwaze polepole.

Njia ya pili ndiyo inayomfaa siz, na ndiyo niliyoichoma mimi. Maliza digrii yako ya sayansi, kisha omba udaktari ukiwa na shahada mkononi. Kuna vyuo hapa nchini vinavyopokea waliosoma sayansi za kibaolojia. Hapa huombi kupitia KUCCPS, unaomba chuo chenyewe, na mara nyingi unajilipia. Masharti hutofautiana, wengine bado huangalia alama zako za KCSE katika yale masomo manne. Lakini swali moja halikwepeki: ulipata daraja gani kwenye digrii? Sekondi apa na pasi ni watu wawili tofauti mbele ya hiyo kamati.

Njia ya tatu ni kuingia kupitia KMTC au chuo kingine cha diploma, usomee utabibu. Ni miaka mitatu, halafu mafunzo ya kazini. Kliniko ofisa si daktari aliyefeli. Ukiugua usiku mashinani, mara nyingi yeye ndiye atakayekushughulikia. Ukipenda kusonga mbele, kuna digrii ya utabibu, na kuna vyuo vinavyofikiria wenye diploma nzuri kwa nafasi za udaktari.

Video za Marekani zitakupoteza

Siz alikuwa ameshaanza kutazama video za wanafunzi wa Marekani. Akaniuliza kama anafaa kuanza kusomea MCAT. Nilicheka, kisha nikajuta kucheka, kwa sababu hata mimi nilipitia hapo.

Kule udaktari ni masomo ya baada ya digrii. Unasoma chuo miaka minne, unafanya mtihani wa MCAT ambao alama zake za juu ni 528, unaomba zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuanza, halafu unasoma udaktari miaka mingine minne. Ndiyo maana wanaongea sana kuhusu barua za mapendekezo na saa za kujitolea hospitalini. Na vyuo vingi vya udaktari vya kule havipokei wanafunzi kutoka nje.

Hapa kwetu udaktari ni digrii ya kwanza, miaka sita, na watu huingia moja kwa moja kutoka sekondari. MCAT haitakufungulia chuo cha Nairobi wala Eldoret. Lakini kuna kitu kimoja cha kuiga kutoka kwa wale wa video: wanajua tangu mwaka wa kwanza kwamba kila alama wanayopata itasomwa na mtu siku moja.

Ukipata ofa ya kusomea nje, kabla ya mzazi kuuza shamba, angalia kama hicho chuo kinatambuliwa na KMPDC, baraza linalosimamia madaktari nchini. Waliosomea nje hutahiniwa na baraza hilo kabla ya kuruhusiwa kuanza mafunzo ya kazini hapa. Wakala wa vyuo anaweza kukuambia yote mazuri na asikuambie hilo.

Piga hesabu ya miaka na chapaa

Tulichukua kalkuleta. Biokemia miaka minne, udaktari miaka sita, mafunzo ya kazini mwaka mmoja. Jumla 11. Siz ana miaka 19. Akienda bila kusimama, atakuwa na 30.

"Bro, si nitakuwa nimezeeka?"

Nikamwambia miaka 30 itafika tu, awe daktari au asiwe. Ila pia nilimwambia ukweli wa pesa. Udaktari wa kujilipia ni laki kadhaa kila mwaka, mara sita. Mboga za mathee haziwezi kubeba hiyo peke yake. Kwa hivyo mpango wake lazima uwe na miaka ya kazi katikati. Amalize biokemia, aajiriwe, aweke akiba, ndipo aombe. Hapo unaona kwa nini hiyo digrii haiwezi kuwa stendi ya matatu. Ndiyo itakayomlipia nauli.

Tena kumaliza udaktari si mwisho wa kusota. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulianza katikati ya Machi ukaisha Mei 8, siku 56. Moja ya vitu walivyopigania ni pesa za madaktari wanaoanza mafunzo ya kazini. Mkataba wa 2017 ulisema Sh206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa Sh70,000. Watu walikaa nyumbani na digrii zao wakingoja kupangiwa hospitali. Sikumwambia haya ili kumtisha. Nilitaka aitake hiyo kazi akiijua.

Alichoanza nacho

Kabla tukate simu tuliandika vitu vinne tu. Moja, achukue masharti ya udaktari ya vyuo vitatu kutoka kwa tovuti zao wenyewe, asiamini fowadi za WhatsApp, wala za bro yake. Mbili, aende kwa mhadhiri mmoja wa idara yake amuulize waliomaliza walikwenda wapi. Tatu, likizo hii aombe kusaidia kwenye zahanati ya karibu na nyumbani, hata kama ni kupanga faili, aone kama anapenda kazi yenyewe au anapenda koti jeupe. Nne, kat ya kemia ilikuwa Alhamisi. Aisome.

Hiyo ya nne ndiyo alilalamikia. "Yaani mpango wote huu unaanza na kat?"

Ndio, siz. Wangu uliishia hapo.

Kuna kitu kingine alinituma nikimwambie mathee, kwamba anasoma biokemia na udaktari ni safari ya baadaye. Nikamwambia amwambie mwenyewe. Alipiga Jumatatu. Mathee aliuliza biokemia ni nini, akaelezwa, akasema, "Basi soma hiyo vizuri kwanza."

Ijumaa siz alinitumia picha ya karatasi ya kat. Alama 21 kwa 30. Chini yake akaandika, "Na wewe bro, utarudi lini?"

Nimeiacha na tiki mbili za bluu. Lakini juzi nilitoa ile transkripti yangu ya mwaka wa kwanza chini ya godoro, nikaisoma yote, sapu tatu zikiwemo. Ilikuwa mara ya kwanza.