Uone Kwanza, Ndipo Ulipe

Mwaka jana niliuza cherehani ya marehemu shangazi yangu. Niliipiga picha tatu barazani, nikaandika bei, shilingi 180,000, na kabla ya magharibi simu saba zilikuwa zimeingia. Watano waliuliza swali moja tu: "Mwisho bei gani?" Wa sita alitaka niitume Singida, atalipa ikimfikia. Wa saba alikuja mwenyewe, kijana mpole, ana kipande cha kitenge mfukoni. Akatunga uzi kwenye sindano, akashona mistari miwili, akageuza kitambaa na kukagua mshono upande wa pili. Akaridhika. Kisha akatoa simu, akabonyeza, na yangu ikalia: nimepokea shilingi 175,000.

Alikwisha kuiinua cherehani nilipokumbuka kuangalia salio. Halikuwa limesogea hata shilingi. Ule ujumbe ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, maneno yakiwa yamenakiliwa kama yanavyoandikwa na kampuni ya simu. Nilipomwambia tusubiri kidogo, akasema anakwenda kutafuta bajaji. Hakurudi. Wiki iliyofuata cherehani ilichukuliwa na fundi mmoja kwa fedha taslimu, noti tukizihesabia juu ya meza yake ile ile.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu biashara ya mtandaoni baina ya mtu na mtu haina shida ya wateja. Wateja wapo tele. Shida yake ni ile dakika ya kupeana: nani aachie kwanza, mwenye mali au mwenye hela? Mwenye duka ana mlango, ana jirani, ana leseni ukutani, na kesho unaweza kumrudia. Muuzaji binafsi anauza friji moja katika miaka kumi. Yeye na mnunuzi wake wote wanajua kwamba hawataonana tena.

Mitandao ya matangazo imeikwepa dakika hiyo. OLX, ambayo mwaka 2019 biashara yake katika nchi tano, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, ilinunuliwa na Jiji, iliwafundisha watu wengi kuuza vya ndani mwao kwa picha ya simu. Jiji hupata fedha kwa wanaolipia tangazo lao lionekane juu. Ushauri wake kwa mnunuzi ni wa siku zote: kutaneni mahali penye watu, kagua mali, usitume hela kabla. Ushauri ni mzuri, ila mzigo wote unabaki mabegani mwa watu wawili wasiojuana.

Jumia, iliyoanzia Lagos mwaka 2012, ilijaribu njia ya pili: mzigo uje mlangoni, ulipe ukiupokea. Watu waliokuwa hawajawahi kununua kitu mtandaoni walijaribu kwa sababu hiyo. Lakini kila anayefanya biashara hii anajua gharama yake. Dereva anafika Tabata, mteja anasema hela haijaingia, njoo kesho, na boksi linarudi ghalani likiwa limekula mafuta ya kwenda na kurudi. Novemba 2019, miezi saba tu baada ya hisa zake kuanza kuuzwa New York, Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania. Sitadai kwamba lipa ukipokea ndiyo iliyoiondoa. Biashara ya ukubwa ule huwa na majeraha mengi.

Jumia iliondoka, desturi ikabaki. Fungua ukurasa wowote wa muuza viatu au vyombo vya Kariakoo kwenye Instagram, utakuta sentensi hii au ndugu yake: "Dar unalipa ukipokea mzigo, mikoani unalipa kwanza." Mteja wa Mbagala ana macho yake na haki ya kukataa. Mteja wa Sumbawanga anatuma hela, anapokea picha ya risiti ya basi, anangoja mzigo, ndipo anafungua boksi. Akikuta namba ya kiatu siyo, au rangi siyo, hana pa kushika. Anapiga simu, ikipokelewa, ana bahati. Tumezoea mno hali hii hata hatuioni kuwa ni ubaguzi, nami naona ni ubaguzi: anayeishi mbali na soko ndiye anayebeba hatari yote.

Hata hapo Dar, lipa ukipokea inasimama juu ya mtu mmoja ambaye hatajwi popote, naye ni bodaboda. Yeye huchukua mzigo kwa muuzaji, humpa mteja aukague, hupokea hela, hurudisha. Wengine hutakiwa kumlipa muuzaji kwanza kwa hela yao, wakazipate kwa mteja. Mteja akikataa, nauli ya kurudi inakuwa ugomvi. Kijana huyu anafanya kazi ya mshika amana bila mkataba na bila bima, kwa nauli ile ile ya kumbeba abiria.

Mtu atauliza: na simu je? M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Ilitakiwa iwe imemaliza suala hili. Imeondoa umbali, kweli. Haijaondoa makato. Ukifikia bei na mtu, kuna mapatano ya pili yanakungoja: ya kutolea nani analipa? Friji ya 300,000 inaweza kukwama kwa elfu chache hizo, kila mmoja akiona ni za mwenzake. Na watu hawajasahau 15 Julai 2021, tozo ya serikali ilipoanza kukatwa kwenye miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa. Ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ile ile baada ya kelele za wananchi, na ikaendelea kupunguzwa baadaye. Ila somo lilikuwa limeingia: noti mkononi haikatwi. Namba za malipo za wafanyabiashara zimepunguza maumivu kwa wenye maduka, lakini anayeuza kitanda cha mwanawe hana lipa namba, wala hana sababu ya kuifungua.

Kuna na hila nyingine. Kenya, aliyetuma pesa kimakosa anaweza kuomba irudishwe kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456. Huduma hiyo imewaokoa wengi waliokosea namba. Pia imewapa matapeli mwanya wa kulipa, kubeba mali, kisha kudai wamekosea.

Wenzetu wamelitatua suala hili la kupeana kwa kumweka mtu kati. China, Alipay ilikua kwa kazi hiyo: mnunuzi wa Taobao analipa, fedha zinashikwa, muuzaji anatuma mali, mnunuzi akithibitisha ndipo fedha zinaachiwa. Kwa Uingereza, eBay iliwaondolea wauzaji binafsi ada za mauzo Oktoba 2024, kisha Februari 2025 ikahamishia gharama kwa mnunuzi kwa jina la ada ya ulinzi, na fedha za muuzaji zikawa zinangoja mzigo ufike. Muuza kabati aliyezoea kupewa pauni zake mlangoni sasa anangoja mfumo umlipe. Amana ina bei yake: mmoja atailipia, na mwingine atasubiri.

Msimamo wangu ni huu. Kwa kitu kizito, watu wakiwa mji mmoja, kukutana, kukagua na kulipa hapo hapo ndiyo njia bora, na asitokee mtu wa kuwalazimisha wauza vitanda wapitie kwa mshika fedha. Kwa mzigo unaopanda basi, tunahitaji amana, na hatuanzi sifuri. Tayari kampuni za simu zinatakiwa kisheria kuweka fedha za wateja wao kwenye akaunti za dhamana benki. Kushika hela ya mtu kwa uaminifu ni kazi wanayoifanya kila siku. Kilichobaki ni chaguo moja kwenye menyu: hela itoke kwangu leo, ikufikie wewe nikithibitisha mzigo, na nisipojibu ndani ya siku zilizotajwa iachiwe yenyewe. Makato yaandikwe kabla sijabonyeza. Ugomvi uwe na namba ya kupiga na siku ya kumalizika.

Naziomba kampuni za simu na Benki Kuu zilifanye hilo, zianze na wateja wa mikoani. Na wewe unayeuza chako wiki hii: meseji ikiingia usiishangilie, angalia salio kwanza, mali ikiwa bado chini.