Miligramu 1, lita 250: gharama ya kupima dawa kwenye maziwa

Codex, taasisi ya kimataifa inayoweka viwango vya chakula, inaruhusu mikrogramu 4 tu za penisilini katika kilo moja ya maziwa, ambayo ni karibu sawa na lita moja. Kwa kipimo hicho, miligramu 1 inatosha kufikisha lita 250 kwenye ukomo. Mrija wa dawa ya ugonjwa wa kiwele, ule unaokamuliwa ndani ya chuchu ya ng'ombe, unaweza kubeba miligramu 200 za amoksilini, ambayo ukomo wake ni huohuo. Hata kama ni sehemu moja tu ya kumi itakayotoka na maziwa ya mkamuo unaofuata, hizo ni miligramu 20, zinazoweza kuharibu lita 5,000.

Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa hizi hustahimili moto wa jikoni na hata wa kiwandani. Mwenye mzio wa penisilini hubaki hatarini, usugu wa vimelea hupata pa kukulia, na mtengeneza mala au mtindi hukuta maziwa yamegoma kuganda, maana dawa imewaua bakteria wa kugandishia.

Vipimo vipo. Cha zamani hutumia bakteria wanaopenda joto: sampuli huwekwa kwenye nyuzi 64 kwa takriban saa tatu, na rangi ya zambarau ikigeuka manjano, maziwa ni salama. Kipimo cha ukanda hutoa jibu kwa dakika chache, hivyo lori halilazimiki kusubiri. Nchini Marekani kila lori la maziwa hupimwa dawa za jamii ya penisilini kabla ya maziwa kusindikwa.

Tuje kwenye hesabu ya Kenya, ambako sehemu kubwa ya maziwa huuzwa bila kupita kiwandani. Tuseme ukanda mmoja ni Sh 500 na lita ya maziwa Sh 50. Kupima mtungi wa mkulima wa lita 10 kunagharimu Sh 50 kwa lita, yaani bei yote ya maziwa. Kupima lori la lita 10,000 ni senti 5 kwa lita.

Basi tupime lori tu? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtungi wa lita 10 wenye mikrogramu 400 kwa lita, mara mia ya ukomo, una miligramu 4 za dawa. Zimwage kwenye lori la lita 10,000: zinabaki mikrogramu 0.4 kwa lita, na kipimo kitasema maziwa ni safi. Kwenye tangi la lita 1,000 la kituo cha kukusanyia maziwa zinafika 4 kamili, hapo ukanda unaweza kuzinasa. Kwa hiyo pa kupimia ni kituoni, kwa senti 50 kwa lita, huku kila mkulima akiwekewa sampuli yake ndogo ili mwenye mtungi mbaya ajulikane.

Lakini ukanda haumzuii mkulima kuleta maziwa yenye dawa. Ng'ombe wa lita 10 kwa siku, akitibiwa siku tatu na kusubiri nyingine tatu, anamnyima mwenyewe lita 60, yaani Sh 3,000. Kwa nyumba inayotegemea maziwa kulipa karo, hizo si pesa za kumwaga. Chama cha ushirika kinachokusanya maziwa, kwa upande wake, kikikataliwa lori moja kinapoteza Sh 500,000.

Vyama vya ushirika vingeweza kuziba pengo hili. Kikipokea lita 10,000 kwa siku kutoka ng'ombe 1,000, chama kinachokata senti 70 kwa lita kinapata Sh 7,000. Sh 5,000 zinapima matangi kumi ya vituo. Sh 2,000 zinazobaki ni Sh 730,000 kwa mwaka, zinazotosha kuwafidia wenye ng'ombe 243 waliougua, karibu robo ya kundi lote. Makato hayo ni asilimia 1.4 ya bei.

Masharti yawe mawili: mkulima atoe taarifa siku anapotibu, na daktari wa mifugo aandike tarehe ya mwisho ya kusubiri. Anayeficha akanaswa, asilipwe. Viongozi wa vyama, pelekeni hesabu hii kwenye mkutano mkuu ujao na muwaachie wanachama wapige kura.