Mvinje: mti uliofunika shimo la mawe



Kila mara tunapouliza mashimo yataachwa namna gani siku madini yakiisha, tunajibiwa: hapo hakuna kitu kinaweza kuota, udongo uliisha kuondoka. Sisi wa sendika tunataka leo kuwaonyesha mti moja ulioota kwenye jiwe tupu.

Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania wanauita mvinje. Asili yake iko mbali: pwani za Australia, Asia ya kusini-mashariki na visiwa vya Pasifiki. Unakaa mchangani karibu na bahari, penye chumvi na upepo. Ukiuona kwa mbali utasema ni sapini. Hapana. Zile sindano ni vitawi. Majani yenyewe ni madogo sana, yamejipanga kama meno kwenye viungo vya kitawi.

Mbao yake ni nzito na ngumu, lakini inapasuka ikikauka, basi mafundi wa meza hawaipendi. Wenyeji wa Australia walitengeneza nayo marungu na bumerangi. Pwani ya Kenya wakulima wanaipanda na kuuza nguzo za kujengea nyumba. Kuni zake zinawaka hata zikiwa mbichi, na makala yake yana moto mkali. Wamama wanaonunua makala kila juma wanaelewa bei ya kitu kama hicho.

Lakini nguvu yake iko chini. Mizizi ina vifundo, ndani yake mnakaa bakteria, Frankia, zinazokamata nitrojeni ya hewa na kuulisha mti. Juu ya ile hauombi udongo mzuri.

Karibu na Mombasa, kiwanda cha simenti cha Bamburi kilichimba mawe ya chokaa mpaka karibu na maji ya chini, nayo yana chumvi. Palibaki jangwa jeupe. Mwaka 1971 Mswisi René Haller, mfanyakazi wa kiwanda kilekile, alianza kupanda humo. Alijaribu aina 26 za miti. Tatu tu zilipona, mvinje ikiwa moja yao.

Tena shida: sindano zilianguka, zikalundikana, hazikuoza. Haller akaleta jongoo wenye miguu myekundu. Jongoo! Wakazila, mavi yao yakageuka udongo, miti mingine ikafuata. Leo ni Haller Park, kuna twiga na viboko, na tangu 1984 watu wanaingia kutembea.

Hatusemi tulete mvinje Katanga. Lile lilikuwa jiwe la chokaa. Letu lina shaba na kobalti, na udongo wa namna ile unaua mizizi mingi. Tena kule Florida, Marekani, mvinje umekuwa adui, unasonga miti ya asili. Tunachotaka ni ile kazi ya kujaribu: aina 26, hata 40, miti ya kwetu kwanza, kwenye vilima vya mabaki vilivyoachwa. Kodi Minier inalazimisha kompani kutengeneza upya pahali ilipochimba na kuweka dhamana ya pesa kwa kazi ile. Tunaomba pepinieri ianze sasa, mgodi ukiwa bado unalipa mishahara, na wazee waliochoka na kazi ya chini wapewe nafasi humo.

Mvua inaanza Novemba. Miche inapashwa kuwa tayari mbele ya hapo.