Fundi kakuletea bili ya milioni moja na nusu: utengeneze gari au ununue nyingine?

Leo naongea na wale mnaopeleka mizigo ya wateja kwa gari yenu wenyewe, gari ya zamani iliyoshapita mikono miwili mitatu. Siku moja itaingia gereji na fundi atakuandikia karatasi ambayo ukiisoma unahisi kukaa chini. Hapo kila mtu anakuwa mshauri. Shemeji anasema uza hiyo takataka. Fundi anasema tengeneza, gari hizi hazipo tena. Dalali anasema anayo nyingine safi, namba D, mwenye nayo anasafiri.

Kila mmoja hapo ana lake. Wewe unahitaji hesabu.

Mi nauza mapazia, mashuka na kapeti. Duka ni dogo, lipo Tabata, ila wateja wengi wananipata kwenye simu. Gari yangu ni Noah ya zamani, ya mwaka 1999. Mwaka jana kuelekea mwisho wa mwaka, yaani msimu wa mapazia, gia boksi ikaanza kuchelewa kukamata. Unakanyaga mafuta, injini inalia, gari inafikiria kwanza. Hydroliki ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua. Karatasi ya fundi ilisema hivi: gia boksi ya mtumba pamoja na ufundi na hydroliki mpya 850,000. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji 180,000. Bushi na shokapu za mbele 240,000. Tairi mbili 260,000. Jumla 1,530,000.

Wengi wetu tunachofanya ni kulinganisha hiyo bili na bei ya gari. "Gari yenyewe haifiki milioni nane, nitoe milioni na nusu?" Swali hilo linapoteza watu. Bei ya gari utaiona siku unaiuza tu. Kwa mfanyabiashara, gari ni kama cherehani: inakuingizia au kukuokolea kiasi gani kwa mwezi, na kwa miezi mingapi ijayo?

Kwa hiyo nilifanya kitu kimoja. Noah niliipaki uani siku 30, nikachukua daftari. Kila mzigo nikaupeleka kwa bodaboda au kwa kirikuu cha kukodi, nikaandika. Kirikuu safari 14, wastani 30,000, ikawa 420,000. Bodaboda mara 46, wastani 6,000, ikawa 276,000. Jumla 696,000. Halafu nikarudi kwenye risiti za miezi ya nyuma wakati Noah inatembea: petroli kama 390,000, matengenezo madogo wastani 110,000, bima na maegesho 30,000. Jumla 530,000. Nauli anayotoa mteja ni ileile kwa njia zote mbili, kwa hiyo sikuiingiza.

Tofauti ni 166,000 kwa mwezi. Hicho ndicho Noah inaniokolea, wala si mamilioni kama nilivyokuwa nadhani. Chukua 1,530,000 gawanya kwa 166,000, unapata miezi 9 na siku chache. Bili ya fundi ikageuka kuwa swali ambalo mtu unaweza kulijibu: hii gari ikitengenezwa, itafika miezi 9 na kuzidi?

Sasa upande wa kununua nyingine. Noah ya aina hiyohiyo, iliyotunzwa, niliambiwa milioni 8.5. Yangu ikiwa na gia boksi mbovu dalali alinipa milioni 3, hakusogea. Natakiwa kuongeza milioni 5.5. Na hapa watu wengi wanajisahau: unayonunua nayo ni ya mkononi. Ina tairi zake zilizoisha, bushi zake, betri yake inayokaribia kufa, na hujui mkanda ulibadilishwa lini. Nikaweka 600,000 ya mwaka wa kwanza. Jumla 6,100,000. Hata tuseme ingenipunguzia matengenezo kwa 60,000 kila mwezi, ningeokoa 226,000. Gawanya. Miezi 27. Miaka miwili na ushee ndiyo nirudishe hela yangu, na mzigo wangu wote dukani wakati ule ulikuwa kama milioni 9. Ningeingia msimu nina gari nzuri na shelfu tupu.

Kuna atakayeniambia, si ungeuza kwa hiyo milioni 3, ukaweka kwenye mzigo, ukakodi kirikuu maisha yote? Nililifikiria hilo kwa siku kadhaa, si wazo baya. Kama bidhaa zako zinaingia kwenye boksi la bodaboda, yaani nguo, viatu, vipodozi, simu, basi naomba nikwambie wazi: uza gari. Unaipenda, sawa, lakini uza. Kwangu lililonizuia ni kwamba naenda na fundi wa kutundika, ngazi, drili na fimbo za pazia, na kwa safari moja napitia nyumba tatu nne. Halafu Desemba na siku za kuelekea Idi, kirikuu cha kukodi asubuhi hukipati, ukikipata bei yake siyo ile ya kwenye daftari langu. Na milioni 3 ya vitambaa zaidi ingekaa tu, wateja niliokuwa nao mzigo uliwatosha.

Turudi kwenye zile miezi 9. Hapa usikisie, na usimuulize fundi anayetaka kuifanya hiyo kazi. Nilimlipa fundi mwingine 30,000 aikague tu, nikamwambia mapema kwamba kazi hatapewa yeye. Mtu asiye na cha kupata anasema ukweli. Aliangalia vitu viwili kuliko vingine vyote.

Cha kwanza kutu. Sisi wa pwani chumvi inatula magari kimyakimya. Kutu ya mlangoni au juu ya tairi ni sura tu, achana nayo. Kutu ya kwenye chesisi, kwenye sakafu na pale shokapu zinaposhikilia bodi, hiyo ni kifo. Alilala chini na bisibisi, akawa anagonga na kuchokoa. Bisibisi ikizama, funga mjadala, usiweke gia boksi nzuri kwenye bodi iliyooza. Yangu ilikuwa na kutu ya juujuu.

Cha pili injini. Alichomoa plagi akapima kompresheni silinda moja moja. Zote nne zilikaribiana. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, ujue kuna bili nyingine nyuma ya hii. Angalia na moshi: wa bluu, gari inakula oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji kwenye rejeta yanapungua, mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hivyo hivyo.

Halafu soma tena ile karatasi ya fundi, utenganishe ugonjwa na matumizi. Kwangu ugonjwa ulikuwa gia boksi tu. Tairi, bushi, mkanda ni vitu vinavyoisha kwenye gari yoyote, hata utakayonunua vitakudai. (Mkanda wa taimingi kwa injini kama ya Noah yangu ni kila kilomita laki moja hivi. IST nyingi zina cheni, haina habari hiyo.) Mtu akikuonyesha bili ndefu ukaogopa, inawezekana nusu yake ni vitu ulivyokuwa unaviahirisha mwenyewe.

Nilitengeneza. Miezi 9 bado haijatimia, na nimejiwekea mpaka: ikija bili nyingine kubwa ya injini kabla ya hapo, sitengenezi, inauzwa kama ilivyo. Nimeuandika kwenye daftari lilelile, kwa sababu nikiwa gereji nimesimama na mteja ananipigia simu, sina akili ya kuamua vizuri.

Si kila mtu afanye kama mimi. Kuna dada anauza keki za harusi, alikuwa na Vitz. Bili yake ilikuwa ndogo kuliko yangu, na bado aliuza akanunua nyingine, na nadhani alikuwa sahihi. Pazia likichelewa mpaka kesho mteja atanuna, mengine yataendelea. Keki ikikwama barabarani Jumamosi saa kumi jioni, hakuna kesho. Ila yeye alikuwa na akiba. Kama hela ya kununua gari unaifuata kwenye mkopo wa kausha damu, gari itakuwa nzuri na wewe utakuwa unaamka usiku.

Mkinunua, mambo machache ya haraka. Namba za Tanzania, iwe C, D au E, zinaonyesha gari ilisajiliwa lini hapa. Haziwezi kukwambia ilizaliwa lini. Namba D inaweza kuwa na umri sawa na namba C ya jirani. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi. Ukiagiza Japani, usihesabu bei ya gari na meli ukaishia hapo: kuna ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na gari ikishavuka miaka 8 kuna ushuru wa uchakavu. Wenzetu Kenya gari iliyozidi miaka 8 hairuhusiwi kabisa kuingia. Sisi inaingia ila unailipia. TRA wana mfumo mtandaoni, unaweka aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, unakutolea kodi yote. Fanya hivyo kabla hujatuma hata shilingi.

Na ukiuza ya zamani, usimkabidhi mtu funguo na kadi mkaagana. Angalieni faini za polisi kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TMS, zilipwe, halafu mhamishe umiliki TRA. Bila hivyo gari inaendelea kusomeka kwa jina lako, na anayeendesha humjui.