Shangazi na Siki

Shangazi yangu anaishi na virusi vya ukimwi, naye amenikubalia niandike haya. Mwaka jana muuguzi alimpaka siki kwenye mlango wa kizazi, pakatokea doa jeupe. Alirudi nyumbani analia. "Mwanangu, mimi tayari nina virusi, nitatibiwa nini tena?"

Kumbe haikuwa saratani bado. Doa lile ni dalili ya seli zilizoharibiwa na kirusi kingine, HPV. Kinga ya mwili ikidhoofika, kirusi hicho hakiondoki upesi. Ndiyo sababu hatari ya saratani hii kwa wanawake kama yeye ni kama mara 6 ya wenzao. Basi waliligandisha doa kwa gesi baridi sana, akarudi siku hiyo hiyo.

Saratani yenyewe ikishaingia, hutibiwa kwa upasuaji, au kwa miale pamoja na dawa za kuua seli zake, kama kwa mwanamke yeyote. Vidonge vya ukimwi haviachwi. Ila kwake doa hurudi kwa urahisi zaidi, hivyo lazima apimwe tena baada ya mwaka. Tarehe yake ni Agosti. Nitamsindikiza (mwalimu wa zamu anisamehe!).